Ule Mchana: Ushauri kwa Anayekwenda Kula katika Nyua za Marrakech

Picha zinazotangaza migahawa ya mji mkongwe wa Marrakech karibu zote zimepigwa usiku: taa za shaba zenye matundu, mishumaa ukingoni mwa hodhi, waridi zikielea majini, na meza ya watu wawili chini ya mchungwa. Mgeni akishaziona, huweka nafasi ya chakula cha jioni bila kufikiri zaidi. Ushauri wangu ni kinyume chake. Ukiwa na nafasi ya kula mara moja tu katika ua wenye bustani, iwe Marrakech, Fes au Meknes, nenda mchana, na uagize chakula chako siku moja kabla. Mambo hayo mawili yanategemeana, na sababu zake zimo katika nyumba yenyewe, katika jiko, na katika saa ambazo wenyeji hula.

Nianze na nyumba. Marrakech ilianzishwa na watawala wa nasaba ya Murabitun katika karne ya 11 kwenye uwanda mkavu ulio chini ya milima ya Atlas. Huko, Julai na Agosti, joto la mchana hufika nyuzi 37 kama jambo la kawaida, na siku za hari kali hupita 45. Wajenzi wakaipa barabara kisogo. Ukuta wa nje hauna dirisha, au una vitundu vidogo juu kabisa. Vyumba vyote hutazama ndani, kwenye ua ulio wazi juu. Aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu au za Mji Mkongwe wa Zanzibar ataitambua mantiki hiyo akiwa bado mlangoni. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka na kutuama uani, na kuta ndefu huizuia isitawanyike mapema asubuhi. Majani ya miti na maji ya hodhi huongeza ubaridi kila yanapotoa mvuke. Kuta nazo ni nene, nyingi za udongo ulioshindiliwa, na joto huchukua saa nyingi kuzipenya. Kwa hiyo mtambo huu wote umeundwa kwa ajili ya mchana. Kichochoro kikiwa kinawaka, mtu aliyeketi barazani kwenye ua mzuri hupumua. Ila joto lililomezwa na kuta kutwa nzima lazima lirudi, na hurudi jioni. Katikati ya kiangazi, saa mbili usiku ukuta ulio nyuma ya kiti chako unaweza kuwa bado unafukuta, ilhali watu wa mtaani wameshapanda juu ya paa kutafuta upepo.

Hapa pana jambo la kuangalia. Tangu mwaka 2018 saa za Moroko huwa saa moja mbele ya saa za Greenwich, isipokuwa mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo jua la Marrakech hufika kileleni karibu saa saba na nusu, si saa sita. Juni na Julai wakati huo huwa karibu utosini kabisa, na huangaza hadi sakafu ya ua. Ndiyo maana meza iliyo kando ya hodhi, ile ambayo kila mtu huililia, ndiyo mbaya kuliko zote saa hiyo. Omba meza chini ya mti au, bora zaidi, kwenye baraza inayozunguka ua. Mwenye mgahawa akiona umeomba hivyo ataelewa kwamba unajua unachokifuata.

Kisha hakikisha kwamba bustani ipo. Kwa desturi ya kale nyumba yenye ua uliosakafiwa iliitwa dar, na ile yenye bustani ya vitalu vinne vilivyokatwa na njia mbili zinazopishana ndiyo iliyoitwa riad. Leo kila nyumba ya wageni hujiita riad hata kama ina vyungu viwili vya maua ya kununua. Tofauti hiyo ina uzito mezani. Miti iliyopandwa ardhini, michungwa michungu, migomba, mikomamanga, huleta kivuli kipana na ubaridi ambao vyungu haviwezi. Anayetaka kuona mfumo huo ulivyofanya kazi apite kwanza Le Jardin Secret katika mtaa wa Mouassine, bustani ya kasri iliyokarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016. Hapo mifereji na mahodhi yanaonekana wazi, pamoja na maelezo ya jinsi maji yalivyoletwa mjini kwa njia za chini ya ardhi ziitwazo khettara. Ukiwa na hiari ya kuchagua msimu, chagua Machi au Aprili, michungwa michungu inapochanua. Maua hayo hukenekwa kuwa maji ya manukato yanayotiwa katika vitamutamu na saladi za matunda, na harufu yake hujaa nyua nzima.

Sasa jiko, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Vyakula vilivyoipa Moroko jina ni vyakula vya subira. Tajine ya kondoo na plamu kavu, ikipikwa kama inavyotakiwa, hukaa saa mbili na zaidi juu ya seredani ya mkaa, kifuniko chake kirefu kikiurudisha mvuke chini. Kuskusi hupikwa kwa mvuke, na kwa desturi hutolewa, hupikichwa kwa mkono na kurudishwa mara tatu. Pastilla huhitaji nyama ya njiwa au kuku iliyochemshwa na viungo, mayai yaliyokorogwa katika mchuzi uliopunguzwa motoni, lozi zilizokaangwa na kutwangwa, kisha yote yafungwe katika karatasi za unga nyembamba mno, yaokwe, na kumwagiwa sukari ya unga na mdalasini. Tanjia, ambayo wageni huichanganya na tajine, ni mtungi wa udongo unaojazwa nyama, kitunguu saumu, bizari nyembamba, zafarani, samli iliyokomaa na achari ya limau. Mtungi hufungwa mdomo kwa karatasi na uzi, ukapelekwa kwa mchochea moto wa hamamu, naye akaufukia katika majivu ya moto kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Ni chakula cha wanaume wa Marrakech, mafundi wa masokoni, waliouacha mtungi kwa mchochea moto na kuufuata chakula kikiwa tayari.

Hesabu sasa saa hizo. Mgeni aingie saa mbili usiku bila taarifa, aagize tanjia, na imfikie baada ya dakika kumi na tano. Amekula nini? Amekula kilichopikwa kwa ajili ya watu wa mchana kikapashwa moto, au kilichotokea katika sufuria ya presha na kuhamishiwa chomboni. Simdharau mwenye sufuria ya presha. Akina mama wengi wa Moroko huitumia kila siku nyumbani kwao, na michuzi mingi hailali vibaya. Lakini usilipe bei ya majivu ya hamamu kwa kazi ya presha. Mtungi uliolala motoni huwa tayari kuelekea mchana, na kuskusi iliyoanzwa asubuhi huiva saa ya swala ya adhuhuri. Vichochoro vya nyama ya kuokwa shimoni, karibu na uwanja wa Jemaa el-Fna, huonyesha ratiba hiyohiyo bila maneno mengi: kondoo hutolewa kabla ya saa sita, na anayechelewa hukuta mifupa. Ukitaka mpishi akupikie wewe, mwambie jana yake. Menyu ikiandika kwa Kifaransa “sur commande” mbele ya chakula fulani, ndicho hicho cha kuagiza mapema, na kwa kawaida ndicho bora kuliko vyote vilivyoorodheshwa juu yake.

Wamoroko wenyewe mlo wao mkubwa ni wa mchana. Ijumaa familia hukusanyika baada ya swala kula kuskusi kutoka sinia moja, desturi yenye nguvu kiasi kwamba mwaka 2020, Moroko, Algeria, Tunisia na Mauritania, majirani wasiokubaliana kwa mengi, ziliiingiza kuskusi pamoja katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Migahawa mingi hupika kuskusi kila siku kwa ajili ya wageni, lakini Ijumaa mchana ndipo mpishi huipika kwa moyo wa nyumbani, kwa kuwa siku hiyo hata yeye angeila kwao. Ni siku nzuri pia kwa sababu nyingine: maduka mengi ya mji mkongwe hufungwa Ijumaa mchana, kwa hiyo hupotezi kitu ukikaa mezani saa mbili. Tena, ukila, kumbuka upishi huu ulijengwa na mikono ya nani. Katika nyumba za matajiri wa Fes na Marrakech jiko lilishikwa na wanawake walioitwa dada, wengi wao wakiwa watumwa au wazao wa watumwa waliotolewa kusini mwa Sahara. Walipika kwa kumbukumbu, bila kitabu, na vyakula vinavyoitwa leo vya kifalme vilipita mikononi mwao. Menyu za dhahabu haziwataji.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Katika migahawa mingi ya kifahari iliyo ndani ya makasri ya kale, usiku huuzwa kwa bei moja isiyogawanyika: saladi nyingi, pastilla, tajine, kuskusi, matunda, vitamutamu, ngoma, na pengine mcheza kiuno, sanaa ambayo asili yake ni Misri na mashariki ya Waarabu zaidi kuliko Moroko. Tumbo la binadamu wa kawaida hushindwa njiani, na sahani mbili za mwisho hurudi jikoni zikiwa zimeguswa tu. Mchana, kwenye nyua za kawaida, unaagiza sahani moja moja na kulipia ulichokula. Saladi zilizopikwa, kama zaalouk ya biringanya na taktouka ya pilipili hoho na nyanya, pamoja na mkate wa moto na chakula kimoja kikuu kwa watu wawili, zinatosha kabisa.

Atatokea wa kuniambia kwamba nimeanza na swali lisilo sahihi, kwamba hii migahawa ya nyua ni mitego ya watalii, na chakula cha kweli kiko barabarani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Bakuli la supu ya harira kutoka kibandani, konokono wa mchuzi, dagaa waliokaangwa, mikate ya msemen asubuhi, hivyo vyote viliwe palepale vinapouzwa, na hakuna mgahawa wenye chemchemi utakaovipika vizuri zaidi. Wala Mmoroko wa mtaani haendi kulipia ua wakati kwa mamake upo. Lakini ni sababu hiyohiyo inayoupa mgahawa wa uani kazi yake. Vyakula vya subira nilivyovitaja ni vya nyumbani, barabara haikuvibeba vingi, na mgeni asiye na ndugu mjini hana mlango wa nyumba wa kubisha. Ua wa kulipia ni badala ya mwaliko. Basi uutumie kwa kile ambacho mwaliko ungekupa, yaani mlo mrefu wa mchana uliopikwa ukisubiriwa. Anayekwenda kwenye ua na kuagiza kebabu na chipsi ndiye hasa aliyenaswa na mtego.

Pingamizi la pili ni la uzuri: mchana hauna taa. Ni kweli, na sitajifanya kwamba shaba iliyotobolewa haipendezi ikiwaka. Lakini fikiria unachopoteza gizani. Vigae vya rangi, lipu ya chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe na sabuni nyeusi hadi ikang'aa, dari za mwerezi zilizochongwa na kupakwa rangi, vyote hivyo vilifanywa vitazamwe kwa mwanga wa juu unaoshuka taratibu. Chakula nacho hakionekani. Samaki ana miba, njiwa ana mifupa midogo. Kama taa ndizo zinazokuvuta, rudi magharibi unywe chai ya nanaa juu ya paa, utazame minara na kusikia adhana zikipokezana, ulipie glasi moja. Utakuwa umepata pande zote mbili za siku kwa gharama ndogo kuliko chakula kimoja cha usiku.

Na kuna njia ya kufika. Teksi haziingii vichochoroni. Zitakuacha kwenye lango, kama Bab Doukkala kule Marrakech au Bab Boujloud kule Fes, na kutoka hapo ni miguu. Migahawa mingi iko mwisho wa kichochoro kisichotokeza, mlango ukiwa bila kibao cha maana, na ramani ya simu hupotea kati ya kuta ndefu. Mchana vichochoro vimejaa akina mama wenye vikapu na watoto wa shule, na unaweza kumwuliza mwenye duka asiyeacha biashara yake kukufuata. Usiku wanaobaki ni vijana watakaokuambia njia imefungwa, wakuzungushe, kisha wadai malipo. Si watu wa hatari kwa kawaida, bali ni usumbufu unaoharibu hamu ya kula. Zaidi ya hayo, mtaa huo ni makazi. Nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta na zote ziko wazi juu, hivyo sauti ya meza yenye furaha saa tano usiku hupanda na kushukia uani kwa jirani anayeamka alfajiri.

Msimu unaweza kubadilisha ushauri huu, ila si kwa kiasi ambacho watu hudhani. Waliokwenda Moroko kushangilia AFCON ya 2025, iliyoanza Desemba na kuzihusisha Tanzania, Uganda na Kongo, walikuta baridi ambayo picha za jangwa haziwaandai watu kwayo. Usiku wa Januari Marrakech huteremka hadi nyuzi kama 6, na ua ulio wazi juu huwa kisima cha baridi. Mchana wa siku hizo jua ni la chini, halifiki sakafuni, kwa hiyo uani pia patakuwa na kivuli usichokihitaji. Omba meza juu ya paa saa saba, ule juani, ushuke uani baadaye kwa ajili ya chai na kutazama. Watakaokwenda Kombe la Dunia la 2030, ambalo Moroko itaandaa pamoja na Hispania na Ureno, watakutana na kiangazi chenyewe, na kwao kila nililosema kuhusu baraza na kivuli linahusu mara mbili.

Ramadhani peke yake ndiyo inayoupindua ushauri wote. Mchana migahawa mingi ya mji mkongwe hufungwa, na hata iliyo wazi kwa wageni huwa na jiko lililopoa. Basi nenda magharibi, kwenye futari: tende, maziwa, mayai ya kuchemsha, harira, na chebakia zilizochovywa asali na kunyunyizwa ufuta. Weka nafasi, ufike kabla ya adhana, na usimwite mhudumu katika dakika kumi za mwanzo, maana naye ana funga yake ya kufungua.

Mezani hakuna mengi ya kumfundisha mtu wa pwani. Salamu ya Kiislamu inaeleweka, mkono wa kulia ndio wa kulia, na katika sahani ya pamoja kila mtu hubaki upande wake, akisubiri mwenyeji amsogezee mnofu wa katikati. Ladha nazo zina ujamaa. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka hadi Mombasa na Kilwa, aliandika kwamba pamoja na wali aliletewa achari ya limau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Achari ya limau ndiyo hadi leo inayoipa tajine ya kuku na zeituni uchachu wake. Asiyekula nyama aulize waziwazi, kwa kuwa tajine ya mboga mara nyingi hupikwa kwa supu ya mifupa. Mwenye kutaka pombe aulize pia kabla ya kuketi, kwani migahawa mingi ya mji mkongwe haina leseni. Dirhamu ni sarafu isiyouzwa rasmi nje ya Moroko, kwa hiyo badilisha ukifika, chukua taslimu hata kama mgahawa umesema unapokea kadi, na acha bakshishi ya asilimia 10 ukiridhika.

Kilichobaki ni ujumbe wa kuagiza. Uutume kwa simu siku moja kabla, kwa Kifaransa au Kiingereza, na uwe na mambo matano: idadi ya watu, chakula kikuu unachotaka kipikwe, meza ya barazani au ya juu ya paa, lango ambalo mtu wa mgahawa atakuja kukupokea, na saa. Saa iandike kwa tarakimu, 13:00, kwa sababu “saa saba” yetu ikitafsiriwa neno kwa neno itakuwekea meza wakati wapishi bado hawajaamka, au wakati wa mishumaa. Uliza bei ya chakula hicho maalumu katika ujumbe huohuo, na kama ni cha kuchinjiwa au kulala motoni, kubali kutoa arubuni. Mgahawa ukijibu kwamba tanjia ipo wakati wowote na hakuna haja ya kuagiza, tafuta mwingine.